Mizani ya Siwema

Alhamisi, Newala, saa kumi na moja jioni,
chumba cha nyuma kwa fundi Likwembe,
katikati ya suruali ambazo wenyewe wamezisahau,
tunakaa watu sita, birika moja
na kaunta buku lenye jalada la bluu.
Sheria ni moja: huingii bila neno
ambalo jana halikuwapo.

Likwembe alianza, pini zikiwa mdomoni:
kufutandika.
Ni kuandika kwa kufuta, alisema,
kama suruali hii ya Chitanda,
kila Ijumaa naishona, kila Jumamosi naifumua.
Tukacheka, tukalipokea, tukaliandika kwa wino.

Asumini akaleta bibovu:
harufu ya bibo lililolala siku tatu chini ya mkorosho,
nusu sukari, nusu pombe.
Mwalimu Nachundu akainua kidole,
maana kwake neno lisilo na ngeli
ni mtoto asiye na ubini.
"LI–YA au U–U? Mabibovu yapo?"
Tulibishana hadi chai ikashika utando.
"Harufu haina wingi, Mwalimu," Asumini akasema.
"Wewe inuse, kisha uhesabu."

Langu lilikuwa sihodi,
ule ukungu wetu wa mwezi wa sita
unaopita dirishani, ukaketi kitandani,
ukakulowanishia kiberiti, na salamu haujatoa.
Wakasema ni zuri.
Nililala nalo wiki nzima, najigamba gizani.

Siwema huchelewa.
Ni karani wa mizani ghalani, chama cha msingi,
anakuja na vumbi la magunia kwenye nyusi.
Mwalimu huhesabu mizani kwa vidole,
Siwema huihesabu kwa mawe ya chuma,
na wote wawili, ukiwauliza, watakuambia
dunia imejaa watu wanaopunja.
Hakukaa. Alisema amesimama nalo siku nzima:

kesholeo.

"Ni ile kesho uliyoahidiwa jana.
Imefika. Umeoga, umepanga foleni,
nayo inakutazama usoni, inakuambia: kesho."

Hakuna aliyecheka.
Chitanda, mwenye kilo mia nne ghalani tangu Novemba,
alikagua soli za viatu vyake.

Sijui nani alilitoa nje.
Labda Likwembe, kwa mteja. Labda ukuta.
Jumatatu nililisikia kwenye mashine ya kusaga,
Jumatano kwa kinyozi,
na mkutanoni mama mmoja akasimama,
akakaza kanga kiunoni:
"Mwenyekiti, kesholeo hailiwi!"
Mwenyekiti akamwinamia katibu: amesema nini?
Katibu alikuwa ameshaandika.
Limo kwenye muhtasari, ukurasa wa tatu,
wala hakuliwekea alama za kunukuu.

Basi nikavimba kichwa.
Sokoni nikachota karanga za mia tano,
nikamtania binti muuzaji, miaka kumi hivi,
"Hela nitakupa kesholeo."
Akanitazama kama mtu aliyeshushwa na basi la usiku.
"Kaka, hatusemi hivyo.
Mtu hapewi kesholeo. Mtu anakesholewa.
Hapa wewe unanikesholea."
Kisha, kwa huruma: "Kwenu wapi?"

Nililipa. Nililipa na chenji nikaiacha.

Alhamisi nikawasimulia.
Mwalimu Nachundu akavua miwani.
"Kitenzi," akasema, "mtoto kakizaa kitenzi,
na kauli ya kutendewa juu yake!"
Akaifuta miwani muda mrefu
kuliko ilivyokuwa chafu.

Tukatafuta neno la hilo,
la kusahihishwa na neno ulilolilea.
Tulijaribu matatu. Tuliyafutandika yote.
Mstari ukabaki mtupu, na namba yake pembeni: arobaini na moja.

Siwema akalikwapua kaunta buku, akaondoka nalo.
Kesho yake alipita dirishani kwa fundi,
hakuingia.
"Gramu mia tatu na arobaini," alisema,
"pamoja na chai mliyoimwaga.
Na uzito wa gunia sijautoa."