Dirisha la Usawa wa Kiwiko

Shule ya Shemsa, hapa Halifax,
juu ya mlango jiwe limechongwa: WAVULANA.
Wa wasichana uko nyuma, penye mapipa.
Siku hizi wote hupita popote,
ila jiwe halijaambiwa.

Madirisha yaanzia juu ya utosi wangu.
Bwana Ackroyd, mshika funguo, anasema
mjenzi hakutaka mtoto aone barabara:
anga tu, tena la kijivu.

Namsubiri mwalimu kwenye kiti cha mwanangu,
magoti kidevuni.
Ukutani, usawa wa kiwiko,
kuna dirisha jipya, dogo,
lililotobolewa juzi.
Nainama.
Kituo cha basi. Mbwa. Mama mwingine
mbioni, mwavuli umepinduka.

Kumbe ndiyo maana Shemsa hujua nimefika
kabla sijabisha hodi.