Mgao

Kadhi alipiga hesabu kwa penseli butu:
mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja.
Ukapata mikarafuu thelathini, kaka Shaame,
nami kumi na mitano ya upande wa bondeni,
miwili kati yake imekwisha kuliwa na mchwa.
Sikunung'unika. Sheria ni sheria.
Ila ule mkarafuu wa mpakani,
ule aliokuwa mama akiegemeza ngazi,
ukasema wako, nikasema wangu,
na kwa mti ule mmoja
miaka sita hatukupeana hata mkono wa Idi.

Kisha miguu yako ikavimba.
Mkeo akasema matende. Jirani akasema jicho la mtu.
Mganga wa Konde akataka kuku mweusi, akapewa.
Mwisho daktari wa Chake akalitamka neno lile dogo,
figo,
kama mtu anayetaja kitu cha kununua sokoni.

Ukahamia Unguja kuifuata mashine.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa
damu yako inatoka, inazunguka mipirani, inarudi.
Nilikuja kukutazama kwa kuogopa maneno ya watu.
Nikakukuta unapimiwa maji kwa kikombe cha kahawa,
wewe uliyekuwa ukimaliza madafu matatu hujaketi.
Ukasema, "Mize, karafuu zimetoka?"
Nikasema zimetoka.
Hatukuutaja mti.

Wakatupima. Hamadi ana sukari,
mwanao hajatimiza umri.
Damu yangu ikaoana na yako, daktari akafurahi,
mimi sikushangaa:
tumbo moja lilitulea, na ukaidi mmoja.
Hatari hakunificha, alizitaja moja moja,
na mara tatu akaniuliza kama nimelazimishwa.
Kombo, mume wangu, alinyamaza siku mbili,
ya tatu akauliza, "Na ukifa?"
Sikuwa na jibu. Usiku nikijishika mbavu,
huku na huku,
nikiziaga zote mbili, sijui ipi itakwenda.

Walitupasua siku moja, vyumba viwili.
Sitawadanganya, iliuma.
Kucheka kuliuma, kukohoa kuliuma zaidi,
na mwezi mzima sikuinua ndoo.
Lakini muuguzi alikuja mlangoni akicheka:
"Kaka yako amekojoa!"
Tangu nizaliwe sijapata kusikia
habari ya mkojo ikipokewa kwa alhamdulillahi.

Sasa wanawake wenzangu jamvini, tukichambua karafuu,
wananiuliza kwa kunong'ona:
unaweza kulima? unaweza kufunga Ramadhani?
Nawafunulia kovu, wanalipapasa.
Nami nawaambia, makonyo yakirundikana kando:
kule kwenye viti vya mashine
nimewaona watu wasio na dada.
Yuko kijana wa Makunduchi, fundi cherehani,
kila akija anauliza kama kuna habari,
na kila siku hakuna.
Sikwambieni toeni. Nakwambieni ulizeni,
pimeni, semeni na waume zenu
mezani, mkila, si siku ya msiba
mtu anapotafuta sanda na hana akili.

Shehe wetu nilimwendea. Akasema, "Ngoja nisome."
Bado anasoma. Namsubiri, simkasirikii.
Mimi nimeandikisha jina langu:
siku yangu ikifika, kitakachofaa kichukuliwe,
kinachobaki kioshwe, kizikwe.
Karani akataka shahidi.
Kombo akaitwaa kalamu, hakusema kitu,
akaandika jina lake polepole, na la babake, na la babu yake.

Kadhi aligawa kwa penseli,
wewe mawili, mimi moja.
Aliyetuumba aligawa sawa, mbili mbili,
zako zikasinyaa,
na leo tuna moja wewe, moja mimi,
hesabu imekaa.

Jana umekuja na bakora yako mpaka mpakani,
tukagombana tena juu ya ule mti.
Wako, wangu, wako, wangu,
sauti yako ikasikika hadi kisimani.
Nami katikati ya ugomvi nikanyamaza,
nikaisikiliza
jinsi ilivyokuwa na nguvu.