Akiba Iliyooza

Akiba haiozi, husema watu.
Yangu ilioza huku ikiwaka taa ya kijani.

Jumanne alikuja kijana wa kampuni, ngazi begani,
akapanda paa la ofisi yetu hapa Malaba, upande wa Uganda,
akashuka na kisanduku cha zamani kwapani
kama mwenye kuku wa kuuza.
Juu alikwisha kufunga kipya, cheupe, chembamba.
"Hiki ni bora, mzee. Tia sahihi."
Nikatia.
Sikuukumbuka utepe wa karatasi
uliogandishwa mgongoni mwa kile kilichoondoka:
namba za laini yetu ya pili,
alizoandika Emodek kwa kalamu ya bluu
kabla hajahamia Soroti.

Wiki tatu mtambo wa ukutani
ulikiuliza kisanduku: Upo?
Kikajibu: Nipo.
Nami nikanywa chai yangu.
Hakuna aliyeuliza: na huko mbele, njia ipo?

Kisha usiku wa mvua, nje kidogo ya Tororo,
greda likang'oa waya mkuu.
Malori sitini na moja, pua kwa mkia, hadi kituo cha mafuta:
saruji, dawa za hospitali ya Lira,
samaki wa kwenda Nairobi, barafu ikichuruzika lami,
na hati za forodha zimekwama kwenye kioo,
kile kiduara kinazunguka, kinazunguka.

Bi Asekenye hakufoka.
Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta.
"Laini ya pili tunailipia?"
"Tunailipia."
"Kila mwezi?"
"Kila mwezi."
Nikaitazama taa. Kijani,
jani la muhogo lililooshwa na mvua.

Saa sita usiku nikampigia Emodek.
"Nilijua utanitafuta," alisema, bila kucheka.
Nikasikia kabati likifunguliwa, mtoto akikohoa,
kurasa za daftari ambalo mkewe huandikia maziwa.
Akanisomea, tarakimu moja moja,
kati ya lita za Februari na deni la jirani.

Saa saba kasoro dakika nne hati ya kwanza ilipita.
Dereva wa samaki hakuniaga.

Sasa kila Ijumaa saa kumi
nachomoa waya mzima kwa mkono wangu.
Mtambo nimeufundisha kuuliza mbali,
si kumwuliza jirani wa mlango wa pili,
ambaye atasema "nipo" hata nyumba ikiungua.
Apolot wa kaunta hukunja uso:
"Mbona unakata kinachofanya kazi?"
Simjibu, nahesabu.
Kwa kawaida nafika tisa, ukurasa unafunguka.

Ijumaa iliyopita nilifika arobaini.
Nimeiandika arobaini hiyo kwenye utepe, kwa kalamu ya bluu,
nikaugandisha ukutani, si kwenye kisanduku.
Jumatatu naazima ngazi.