Mlango wa Kugonga

Nimetia nanga kwenye hori ya Tudor,
kando ya gati ambalo nusu ya mbao zake
zimekwishakuwa kuni za watu.
Mfuko wa nguo chafu begani, mitungi miwili mitupu mikononi:
ndivyo ninavyorudi kwetu siku hizi.
Waliokwenda Jeda hurudi na masanduku.

Swabra akafungua mlango pale Makadara,
akanipima kuanzia kichwani mpaka mitungini.
"Haya, umekuja kututembelea ama kututeka?"
Mfereji wake umekauka tangu Jumanne.
Mwenye mkokoteni amepandisha, hamsini kwa mtungi,
na kwa hiyo hamsini, umbembeleze.
Tulicheka hadi jirani akachungulia dirishani.
Miaka tisa nakoga kwa vikombe vitatu,
nikidhani ni mimi tu nijuaye uzito wa kile cha tatu.
Kumbe nawe, shoga, na sakafu yako ya terazo.

Nikaketi. Nyumba ikaenda mrama.
Si kwamba ilitikisika; ilikataa kutikisika,
na mwili wangu ukawa unangoja wimbi.
Nikashika mkono wa kochi. Mama mkwe wake akaona,
akanisogezea ndimu bila kusema neno,
kisha, kwa sauti ya chini, akaniuliza kuhusu choo.
Nikamweleza pampu.
"Mungu atukinge," akasema,
akataka kujua inavutwa mara ngapi.

Twalib yuko palepale Kuze, akisuka upya koili za feni,
vidole vinanuka vanishi kama siku aliponifundisha.
Hakuuliza kitu. Akanitafutia feni ya volti kumi na mbili
chini ya rundo la feni maiti,
nami nikawaita tuliosoma nao, kama mwalimu na rejista.
Mbwarali? Yuko Doha, analinda lango la hoteli.
Kadzo? Bibi wa watu sasa, wajukuu wanne, Mtwapa.
Mahfudha?

Bisibisi ikatua mezani.
"Shaabani ya mwaka juzi. Presha.
Tulitaka kukuletea habari. Simu yako haikuwa hewani.
Tukamwita kijana tumtume, akatuuliza: niende mtaa gani?
Nigonge mlango gani?"

Shaabani ya mwaka juzi nilikuwa Pemba.
Nilikuwa nakwangua kutu ubavuni mwa chombo,
nakula nanasi, redio inasoma matokeo ya mpira.
Siku nzuri ile. Naikumbuka vizuri mno.
Na mkasi wa Mahfudha, ule wa kukatia vitambaa,
alioniazima mara moja tu, nirudishe jioni,
bado ninao. Nakatia kamba.

Usiku huo sikuwasha feni.

Ijumaa asubuhi chuma kikalia: ngo, ngo, ngo.
Swabra, aogopaye maji tangu darasa la nne,
amechuchumaa kwenye ubao wa mwisho, kandambili mkononi,
anagonga ubavu wa chombo kama mwenye kudai kodi.
Nyuma yake kijana wa mkokoteni na mitungi miwili iliyojaa.
"Hodi hapa!"
"Karibu, pita."
"Sipiti. Nimekuja kuujua mlango."

Nikamtolea mkasi, amfikishie bintiye Mahfudha.
Akaufungua, akaufunga; chumvi imeula, unakwaruza.
Akanirudishia.
"Kaa nao. Mwenye deni hutafutwa."
Kijana akauliza nani analipa.
Swabra akagonga chuma mara nyingine, bila haja,
akasikiliza.