Mayai Manane

Asubuhi ya tatu tangu tushuke Tanga
mama kamtuma Mhina dukani kwa Mbarouk,
pale pembeni, Barabara ya Kumi na Mbili.
"Mayai manane. Na usirukeruke njiani."

Akafika, akasimama mbele ya nondo,
ulimi ukamganda.
Akanyoosha gumba, akanyoosha kidole cha shahada,
vitatu akavikunja,
kama alivyofundishwa chekechea, Foshan:
hii ndiyo nane.

Mbarouk akaona bastola.
Akainua mikono: "Nimekwisha, bwana mkubwa, chukua duka!"
Wanywa kahawa wakacheka
hadi mmoja akajimwagia kanzuni.

Mwanangu akarudi mikono mitupu,
macho yamejaa, hayajamwagika.
Ana miaka sita. Kule tulikomzalia
maji hunywewa ya moto hata jua likiwaka,
na mpaka leo bibi yake akimtekea ya mtungini
huyapuliza kwanza.

Niliapa, tumbo langu likiwa kubwa,
ghorofa ya kumi na tisa, lifti imeharibika,
kwamba ndani ya mlango wetu ni Kiswahili tu.
Nikabandika karatasi jikoni:
SUFURIA. CHUJIO. KAWA. MWIKO.
Mvuke wa wali ukazibandua moja moja.
Mwiko ndio uliodumu,
kwa kuwa ndio niliowatishia nao.

Shuleni jina lake liliwashinda.
Mwalimu Lin alijaribu, "M", akakwama,
akamwita Shao Mi: punje ndogo ya mtama.
Mama alikuwa juu ya mbuzi, akikuna nazi.
Kifuu kikatulia mkononi.
"Mtama tunamwagia kuku.
Huyu ni Mhina,
jina la mtu aliyekata mkonge miaka thelathini
akarudi na vidole vyake vyote kumi."
Kisha akaendelea kukuna,
kwa nguvu kuliko nazi ilivyohitaji.

Saa mbili usiku simu inalia.
Kwa baba yao ni saa saba,
ametoka kuhesabu vigae kwenye kontena,
sauti yake ina vumbi.
"Wamekula nini?"
"Bada na samaki."
"Na Mhina?"
"Na Mhina."
(Mhina alikula mkate, ndani tu, ganda akaliacha.)
"Kauthar amefanya hesabu za likizo?"
"Anafanya."
Tunadanganyana hivi, kwa upole,
kama watu wanaoshikiana ngazi.

Taa imezimwa. Ndani ya neti
nawasikia wakinong'ona Kichina,
haraka haraka, kama mchele unaopepetwa.
Mama, kitanda cha pili:
"Wanasemaje?"
"Wanagombea mto."

Haukuwa mto.
Kauthar aliuliza, "Zimebaki siku ngapi turudi nyumbani?"
Nyumbani. Nami nimelala humu,
chumba nilichong'olea meno ya utotoni,
ukuta huu ndio niliouchora mkaa nikachapwa.
Mhina hakujibu kwa mdomo.
Alimwonyesha dada yake kwa vidole,
na giza lilikuwa jingi, sikuona ngapi.

Kulipokucha mama alitoka barazani na kanga moja,
akaita, "We Mbarouk!"
akanyoosha gumba na kidole cha shahada
mtaa mzima ukiona.
Mbarouk alitazama. Safari hii hakuinua mikono.
Alihesabu.

Mhina ndiye aliyetumwa kuyachukua.
Akarudi anarukaruka.
Yalifika saba.

Mama alitazama mfuko unavyovuja,
akamtazama mtoto,
mimi nikashika pumzi.
"Haya," akasema, "saba kwenu mnaionyeshaje?"

Mhina akaweka mfuko chini.
Akaushika mkono wa bibi yake,
ule wenye harufu ya nazi,
akazikutanisha ncha tatu za vidole,
polepole, moja baada ya nyingine,
kama za mtu anayechota chumvi.