Nusu Sekunde

Medali imeletwa na bodaboda, Jumanne,
ndani ya bahasha ya kaki. Nyuma yake
jina limekwaruzwa kwa kitu chenye ncha.
"Saini hapa," kijana hakuvua hata helmeti.
Nikasaini. Ndivyo nilivyokuwa wa kwanza.

Mwezi wa nane, uwanja wa Ushirika, mita mia nane:
Ndekusara mbele, mimi nyuma nikila vumbi.
Kisogo chake nakijua kuliko uso wangu,
kovu chini ya sikio, nywele zilizofumuka.
Nusu sekunde. Kwa mdomo ni kitu kidogo.
Kwa miguu ni miaka minne ya kuamka saa kumi,
mbwa wa watu nyuma yangu, uji bila sukari,
na baba akiuliza mbio zinalipa nini.

Kwa hiyo msiniambie sikulia.
Nililia. Na usiku ule, Mungu anisamehe,
niliwaza: yule si mwenzetu.
Kabla ya barua. Kabla ya vichupa vya damu.
Neno lilikuwa kinywani mwangu kwanza,
wao walilipigia mhuri tu.

Watu watano chumbani,
mwanamke mmoja, naye alishikishwa kalamu.
Mama yake alikwenda na kadi ya kliniki
iliyolainika kama kitambaa,
mwandiko wa mkunga wa Uru: KE.
"Mwili huu nimeuogesha mimi.
Mnatafuta nini humo nisichokijua?"
Afisa akasema sheria ni ya kuwalinda wasichana.
Msichana ndiye mimi.
Nilikuwa nje, kwenye benchi, nalindwa.

Mizani ya Kiboroloni naijua:
jiwe huku, nyanya huku,
na kidole cha muuzaji hakikosi.
Paskalina wa Mbulu ana mapafu ya baridi, hatukuyapima.
Mimi nina viatu vya mjomba wa Dubai.
Lakini najua pia, nanyi mnajua,
mstari ulichorwa ili nasi tupate pa kushindia;
ukifutwa wote, tunarudi jukwaani kupiga makofi.
Yote mawili ni kweli. Hayalali kitanda kimoja,
na kitanda ni changu.

Jumamosi nikapanda Uru. Nikamkuta
anapogoa kahawa kwa kisu cha marehemu babu yake.
Nikamnyooshea bahasha. Hakuigusa.
"Ni yako," nikasema.
"Yangu waliandika ilikuwa kosa."
Akafuta kisu kwenye jani la mgomba.
"Viatu umekuja navyo?"

Tukashuka hadi darajani, bila bastola, bila mstari,
mbuzi wawili wakitutazama.
Nilikuwa nimeapa saa sitaigusa.
Alipofika ukingoni nikabonyeza,
nilipofika nikabonyeza tena.

Nusu sekunde.
Ileile.