Lozi na Kuvu

Mpwa wangu Azzani kamnunua Seeb
mnyama asiyejaa kiganja,
mwenye mfuko tumboni na ngozi ya ziada ubavuni;
akiruka hujitandaza kama leso iliyoponyoka kambani.
Kampa jina Lozi. Mchana kutwa hulala
ndani ya soksi, juu ya kabati, hapa Ibra,
nje joto digrii arubaini na saba.

Nami nina wangu wa kufuga,
ambaye sikumnunua.
Nyuma ya nyumba, chini ya kiyoyozi,
umeegemea mlango wa mfenesi alioujia nao babu kutoka Unguja,
mlango usiopata ukuta:
kila nyumba tuliyojenga ilikuwa fupi kwake.
Tone, tone, tone, miaka kumi na mmoja.
Katika mji ambao mkate hukauka kabla haujaota ukungu
mlango huu umeota masikio:
kuvu bapa, ya hudhurungi, ukingo mweupe,
ngumu kama ukoko.

Nawalinganisha, usingizi hauji.
Lozi hula tende na asali, hupiga kelele akinyimwa.
Kuvu hula mlango, kimya, kwa adabu,
ua moja la nakshi kwa msimu.
Lozi wakizaa, mwana ni punje ya mchele,
hutambaa mwenyewe gizani hadi mfukoni
akakaa humo siku sabini.
Kuvu ikizaa ni vumbi, laki juu ya laki,
wala haimpi hata mmoja jina, wala nauli.

Hapo nikacheka peke yangu.
Mama alivuka bahari ndani ya mbeleko.
Wajomba walipeperuka: Sharja, Kuwaiti, Doha,
na mmoja hatujui alitua wapi.

Jana usiku Lozi katoroka.
Tukamsaka kwa tochi, Azzani machozi tele.
Tukamkuta mlangoni,
pale kuvu ilipokula hata pakawa na pango,
kajikunja humo, mkia puani,
kama mtu aliyefika kwenye anwani aliyopewa zamani.
Kumbe huko kwao, Azzani kasoma kwenye simu,
hawa hulala ndani ya miti,
na wa kuwachimbia vyumba ni ndugu zake huyu wangu.

Fundi Sulayyim keshanitajia bei ya dawa.
Asubuhi niliuelekeza mpira wa maji kwenye mdimu.
Alasiri nikaurudisha.